Vitambaa vya Kinywe

Mimi uchafu siuwezi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Kuna watu hawawezi pilipili, kuna watu hawawezi paka. Mimi nikiona alama ya kidole kwenye dirisha, hata la jirani, mkono unaniwasha. Baba watoto hupenda kuwaambia wageni kwamba alinioa akiwa na mashati sita na kwamba matatu niliyaua kwa kuyafua. Uongo mtupu. Ni mawili.

Sasa mtu wa namna hiyo riziki yake ikaandikwa wapi? Kiwanda cha kinywe. Kinywe ni lile jiwe jeusi, laini, linalokaa ndani ya penseli. Likisagwa huwa unga unaong'aa na kuteleza, unaokufuata puani, masikioni, mpaka ndani ya soksi. Nimekuwa msimamizi wa sehemu ya uoshaji kwa miaka ishirini na mmoja. Watu huniuliza nawezaje kukaa na weusi wote ule mimi niliye hivi nilivyo, nami huwajibu kwamba kinywe si uchafu. Uchafu ni kile kisicho kinywe kilichojificha ndani ya kinywe: mchanga, udongo, chuma. Kazi yangu ni kukifukuza. Kiwandani wananiita Bi Safi, wengi nyuma ya mgongo wangu, na mmoja tu usoni, mwendesha pampu tunayemwita Kicheko kwa sababu hakuna msiba ambao hajawahi kuucheka.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Tuliuza kinywe chenye usafi wa asilimia tisini na tano, kikaenda kuwa penseli na breki za magari, na hakuna aliyelalamika. Kisha wakaja watengeneza betri. Hao wanataka tisini na tisa nukta tisa tano. Yaani katika kilo elfu moja, uchafu usizidi nusu kilo. Kufika hapo kuna njia zaidi ya moja, lakini mezani kwa meneja zilifika mbili.

Ya kwanza ni tindikali ile inayokula hata kioo. Ni ya haraka, na mitambo yake inauzwa tayari. Ubaya wake ni kwamba ikikudondokea, kwanza huenda usisikie kitu, kumbe inapita kwenye ngozi inaelekea mfupani. Na maji yake machafu hayamwagwi popote. Yanataka bwawa lake na ulinzi wake, miaka nenda miaka rudi.

Ya pili ililetwa na mwanangu.

Mwanangu ni mkemia. Nimemzaa mimi, nikamfulia mimi, nikampeleka shule, akaenda mbali akarudi na miwani na shahada. Njia yenyewe hakuivumbua yeye, wala hajawahi kudai hivyo. Alichofanya ni kuipatanisha na jiwe letu na tanuri letu. Unachanganya kinywe na soda kali, unakichoma kwa saa kadhaa, na ule mchanga na udongo unageuka kuwa kitu ambacho maji yanaweza kukibeba. Unaosha. Kisha unaosha tena kwa asidi dhaifu, ile inayotiwa kwenye peremende kuzipa ukali, nayo inaondoka na chuma. Mwisho maji safi, halafu mashine ya kukamua. Soda inarudishwa kutoka kwenye maji na kutumika tena. Hakuna cha kula kioo, hakuna bwawa la kulinda. Kwenye meza yake ya maabara alipata tisini na tisa nukta tisa saba.

Meneja wetu ni mtu mwema mwenye haraka. Alimpa majaribio matatu kwenye mitambo mikubwa, kila moja kilo mia mbili, na la tatu lingefanyika mbele ya mkaguzi wa wanunuzi. Yote yakishindwa, mapipa ya tindikali yanaletwa na sehemu yangu ya uoshaji inageuzwa kuwa chumba chake. Mwanangu naye akasema kikaoni, bila kupandisha sauti, kwamba siku tindikali hiyo inaingia yeye anatoka, na kwamba kuna kiwanda cha mbali kilichokwisha kumwandikia barua. Huyo hatishii mtu. Akisema amesema, na hilo, nasikitika kukiri, amelirithi kwangu.

Wanangu wa kiume wawili walihama zamani. Wanapiga simu Jumapili, wanauliza hali, wanakata. Huyu ndiye aliyerudi. Hakurudi nyumbani kwangu, maana anasema namwamsha kwa kufagia, lakini alipanga chumba mtaa wa pili na jioni huja kula. Nilikuwa nimekaa naye miezi kumi na moja. Betri na zikae huko zilipo. Mimi nilitaka mwanangu asiondoke. Basi.

Jaribio la kwanza likatoa nukta nane moja. La pili, nukta saba nane. Badala ya kupanda, tunashuka. Mwanangu akabadilisha moto wa tanuri, akaongeza muda wa kuosha, akapima soda upya mara tatu. Akaacha chakula cha mchana. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kwenye koti lake jeupe, nami nikawa namtazama kutoka upande wangu wa karakana, roho inaniuma.

Lakini sikukaa bure. Nilimsaidia.

Mashine ya kukamua ina vitambaa ishirini na vinne vya kuchujia, vyeupe, vizito, kila kimoja kama foronya iliyofumuliwa. Kinywe kilichooshwa kinasukumwa humo, maji yanapita, unga unabaki. Utaratibu wa kiwanda ni kwamba vitambaa hivyo vikishatumika vinapigwa maji ya bomba na kuning'inizwa stoo. Maji ya bomba tu! Miaka yote jambo hilo lilinikera, nikanyamaza, kwa kuwa kinywe cha penseli hakina makuu. Kwa jaribio la mwanangu sikuweza kunyamaza. Siku moja kabla, nikavitia vyote kwenye gunia, nikavibeba nyumbani, nikatoa beseni kubwa na pakiti mbili za sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Nikaloweka, nikasugua mpaka vidole vikakunjamana. Nikasuuza mara moja tu, ili ile harufu nzuri ibaki. Baba watoto akanisaidia kuanika huku akinung'unika kwamba vitambaa vya kiwanda vinalala pazuri kuliko yeye. Mwanangu sikumwambia. Angesema najichosha, na msaada wa mama hautangazwi.

Jaribio liliposhindwa niliumia sana, na kwa lile la pili nikatumia pakiti tatu.

Kwa la tatu nikatumia nne.

Alhamisi asubuhi mkaguzi akafika. Mwanamke wa makamo, mpole, daftari mkononi, na viatu vyeupe visivyo na doa hata moja. Nikampenda papo hapo. Meneja akamzungusha tangu kwenye mashine za kusaga mpaka kwetu, na mwanangu akamweleza kila hatua kwa sauti tulivu. Kinywe kilikwisha kutoka tanurini, kimeoshwa maji, kimeoshwa asidi, kimesuuzwa, kinangoja ndani ya tangi. Ilibaki kukamua.

Kabla ya kuingiza kinywe, huwa tunapitisha maji matupu kwenye mashine ili vitambaa vilowe. Nilisimama kwenye mfereji wa kutolea maji kama kawaida yangu. Maji yakaja na povu.

Povu kiwandani kwetu si habari. Kule mwanzo, jiwe linaposagwa, kinywe hutenganishwa kwa povu makusudi. Mafuta kidogo, hewa nyingi, na kinywe kinaelea juu. Povu linaonekana kutwa nzima, kwa hiyo hakuna anayelitazama. Hata mimi, kwenye yale majaribio mawili, nililiona nikalipita. Safari hii halikuja peke yake. Lilikuja na harufu ya maua, na mimi nikasikia harufu ya mashuka yangu.

Niliganda pale. Nyumba yangu mwenyewe ilikuwa ikinukia kutoka kwenye mfereji wa kiwanda. Nikachota lile povu, nikalisugua kati ya vidole, na chini yake nikakuta unga mweupe, mwembamba, usioyeyuka. Hapo nikakumbuka maneno ya mwanangu ya Jumatatu, akiwa ameegemea meza yangu ya chakula bila kugusa sahani: kwamba anapochoma sampuli, katika majivu yanayobaki kuna kitu cheupe kingi kupita kilichomo kwenye mwamba wetu, na hajui kinatoka wapi, na labda amekosea hesabu tangu mwanzo.

Kila aliyewahi kufua nguo nyeusi anajua kwamba sabuni ya unga haiyeyuki yote. Usiposuuza vizuri, nguo inakauka na mistari myeupe. Wake za wanangu nimewagombeza kwa mistari hiyo mpaka wakaacha kunitembelea na nguo nyeusi. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimeitia mistari kwenye kitu cheusi kuliko vyote nilivyowahi kushika, si mara moja, mara mbili, na sasa nilikuwa nakwenda kuitia ya tatu mbele ya mgeni. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Langu alikuwa akilila mwanangu, na ndiyo maana alikuwa akikonda.

Kicheko alikuwa ameshika valvu ya kinywe, anangoja ishara yangu.

Siwezi kudanganya, shetani alinijia. Nilifikiria kusema vitambaa vimechanika, vibadilishwe, jambo liishe na heshima yangu ibaki mahali pake. Nani angejua? Lakini jaribio la tatu likifaulu bila maelezo, yale mawili yangebaki kwenye karatasi kama makosa ya mkemia, na mkaguzi yeyote mwenye akili angesema huyu kabahatisha. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza kitufe chekundu.

Kengele ikalia karakana nzima. Kwa miaka ishirini na mmoja sikuwahi kukigusa kitufe kile isipokuwa kukipangusa. Watu wakaja mbio, meneja mbele, mkaguzi nyuma yake. Mwanangu akafika akihema. Tulikuwa tumeafikiana kwamba kazini ataniita Msimamizi, nami nitamwita Mkemia, ili watu wasiseme kiwanda kimekuwa ukumbi wa ukoo. Siku hiyo akasahau.

"Mama, kwa nini?" akauliza, na uso wake ukanifanya nitamani mfereji unimeze.

"Vitambaa vina sabuni," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za kusaga. "Nimevifua nyumbani kwangu. Nilivifua na mara ya kwanza, na mara ya pili. Njia ya Mkemia haina kosa. Uchafu wote mliopima ni wangu."

Nadhani kama ningesema nimekichoma moto kiwanda wangeshangaa kidogo zaidi, lakini si sana. Watu niliowatuma kunawa tena, niliowarudisha kwenye kioo, niliowanyima kuingia kwa ajili ya doa la chai, wote walinitazama. Halafu Kicheko akapasuka. Alicheka akishikilia valvu ili asianguke, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wenzake wakafuata, mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Uso uliniwaka. Nilicheka nao kidogo, kwa sababu mtu akichekwa na watu thelathini ni afadhali awe wa thelathini na moja.

Wawili hawakucheka. Mkaguzi alifungua daftari, akaniuliza nilitumia sabuni kiasi gani mara ya kwanza. Nikamwambia pakiti mbili. Mara ya pili? Tatu. Na leo? Nikanong'ona nne. Akatazama matokeo ya majaribio, akatazama pakiti zangu alizoandika, akamgeukia meneja akasema hesabu inaelekea kule kule: sabuni ilipoongezeka, usafi ulishuka.

Wa pili alikuwa mwanangu. Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye mfereji, amekinga maji kwa chupa, anayanusa. Aliposimama hakunitazama. Alimwomba meneja vitambaa vipya vya stoo, ambavyo havijaguswa na mtu, na saa tatu za kuvisuuza kwa maji yaliyochujwa. Meneja akaangalia saa yake, akavuta pumzi, nami nikajua anakwenda kukataa. Mkaguzi akasema safari yake ya kurudi ni Jumamosi na hana mahali pa kukimbilia. Meneja akazitoa zile saa tatu.

Vitambaa tulivisuuza mimi na Kicheko. Maji matupu. Mikono yangu haikujua la kufanya. Kila dakika ilitafuta kitu cha kusugua, nayo nikairudisha. Kila nusu saa mwanangu alikuja na kipimo chake, akapima maji yanayoingia na yanayotoka, akataja namba, akaondoka. Namba zilipolingana akasema "Sawa," na kinywe kikaingia.

Kupima kinywe ni kukichoma. Unapima kiasi kidogo kwenye kikombe cha kaure, unakitia kwenye tanuri dogo la maabara, kinywe chote kinateketea, na kinachobaki ndicho uchafu. Kazi hiyo haiharakishwi. Ijumaa mchana tulijazana mlangoni pa chumba cha mizani, chumba chenye nafasi ya watu watatu, tukiwa kumi na mmoja. Mwanangu akaweka kikombe cha kwanza. Humo ndani mlikuwa na kitu kidogo kama ncha ya kucha. Akaandika. Akaweka cha pili, cha tatu. Akampa meneja karatasi kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kusoma kwa sauti.

Meneja akasoma: nukta tisa sita, nukta tisa sita, nukta tisa saba. Akarudia. Kisha akatoka na simu yake, na kwenye korido tukamsikia akimwambia mtu kwamba yale mapipa yasiletwe, hapana, hata wiki ijayo yasiletwe. Mkaguzi alikuwa amekwisha kufunga sampuli yake kwa lakiri, ya kwenda kupimwa kwao. Alisema mizani yetu imetunzwa vizuri na hategemei kuona tofauti. Akatia sahihi. Kicheko akapiga vigelegele peke yake kama harusi nzima, na mimi nikajikuta namkumbatia, na ovaroli lake lilivyo na kila aina ya doa.

Nilipogeuka kumtafuta mwanangu hakuwepo.

Nilimkuta chumbani kwake, mtaa wa pili. Mlango ulikuwa wazi. Katikati ya chumba palikuwa na begi kubwa, limefungwa zipu, na kitanda kimevuliwa shuka. Rafu ya vitabu ilikuwa tupu. Mwanangu alikuwa amekaa juu ya begi.

"Nilifunga Jumatano," akasema.

Nikamuuliza kwa upole kama alikuwa hakuiamini njia yake mwenyewe.

"Njia niliiamini, Mama. Ni mimi niliyeacha kujiamini. Wiki sita nilikuwa najiambia kwamba hawa watu wamenipa kiwanda chao, na mimi sijui kazi."

Hilo lilinipata mahali ambapo kicheko cha watu thelathini hakikufika. Wiki sita mtoto wangu alijihukumu, usiku na mchana, kwa kosa lililokuwa likiloweka kwenye beseni langu. Na mimi niliona anavyokonda, na dawa niliyompa ilikuwa pakiti moja zaidi. Nimelea watoto watatu. Nimewapiga marufuku, nimewaamuru, nimewaombea, nimewafulia. Neno moja sikuwahi kumwambia hata mmoja wao, kwa kuwa mama yangu hakuniambia mimi, wala bibi hakumwambia yeye.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

Akaniangalia kana kwamba nimesema kwa lugha ya ng'ambo. Machozi yakamtoka, na yangu yakafuata, tukakaa wawili juu ya begi moja tukilia kama watu waliofiwa, ilhali tulikuwa tumetoka kushinda. Baada ya muda akajifuta kwa mkono wa koti. Akaniuliza, "Pakiti nne, Mama?" Nikasema nne. Akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na sikumbuki lini nilifurahi hivyo kuchekwa.

Begi tulilifungua pamoja. Vitabu vikarudi kwenye rafu, barua ya kile kiwanda cha mbali akaichana vipande vinne, na jioni alikula kwangu sahani mbili.

Ripoti ya majaribio aliiandika wiki iliyofuata. Inakwenda kwa wanunuzi, na huko itasomwa na watu wasionijua wala hawatanijua. Alinipa niisome kabla ya kuituma. Kwenye ukurasa wa tisa ameandika kwamba majaribio mawili ya kwanza yaliharibiwa na mabaki ya sabuni kwenye vitambaa vya kuchujia, na kwamba hitilafu hiyo iligunduliwa na msimamizi wa uoshaji, ambaye alisimamisha mashine. Nikasoma mara mbili. Nikamwambia amesahau kuandika ni nani aliyeitia hiyo sabuni.

Akasema hajasahau.